Mkono wa Mtu

"Kuna mkono wa mtu," nilisoma, na kiti cha mume wa mgonjwa kikakwaruza sakafu.

Tulikuwa saba kwenye chumba cha vikao, chenye ile meza ndefu iliyowekewa kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja ili isicheze. Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeshaingia sentensi ya pili, kwa hiyo ikatoka yote: "Mgonjwa anasema mkono huo ni wa mdogo wake, na kwamba umemlemea."

Mdogo wake alikuwa hapo hapo, kiti cha pili kutoka kwangu, na mkoba wa nguo za kufua mapajani. Aliliangalia daftari langu, si uso wangu. Mume akamgeukia polepole.

"Shemeji," alisema, "umesikia mwenyewe."

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na miezi saba kazini. Wodi yetu ilipokea watu waliokwisha kuokolewa: wa kiharusi, wa ajali, wa uti wa mgongo. Kazi ya kuwaokoa ilifanyika kwingine. Kwetu walikuja kujifunza upya kuamka, kula, kuvaa na kuvumilia. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake. Daktari alishika dawa na picha za ubongo. Kocha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alishika miguu na mikono, na jina hilo alilipata kwa ajili ya filimbi aliyoivaa shingoni na ambayo hatukuwahi kumsikia akiipuliza. Mama Vijiko, wa tiba kazi, alifundisha watu kushika kijiko, kufunga vifungo, kupiga mswaki. Sista alishika wodi nzima, sisi tukiwemo. Mimi nilikuwa mwanasaikolojia wa kwanza kuajiriwa pale, na hakuna aliyejua vizuri nishike nini. "Huyu atasikiliza," Daktari aliwatangazia siku ya kwanza, na tangu hapo nikaitwa Sikio. Nililipenda jina hilo. Nasema hivyo kwa aibu.

Nadhani ndiyo maana Jumanne ile nilisoma kwa sauti. Kwa miezi saba nilikuwa nikifika kikaoni na maneno mepesi, ana huzuni kidogo, usingizi haumjii, na Daktari alitikisa kichwa akahamia kwa Kocha. Mara hii nilikuwa na kitu kizito, nikataka kionekane. Sikumuuliza mgonjwa kama ninaweza kuyatoa maneno yake mbele ya ndugu zake. Hata sikukumbuka kwamba ndugu ndio hao wamekaa mezani.

Mgonjwa tulimwita Fundi, maana ndivyo alivyokuwa: fundi cherehani, mwenye karakana ya nguo aliyoiendesha na mdogo wake. Kiharusi kilimkuta kwenye meza ya kukatia, mkasi mkononi. Kiliharibu ubongo upande wa kulia, kikamwachia ulimi mzima na akili yenye utani, ila mkono na mguu wa kushoto vikanyamaza kabisa. Mdogo wake alikuja kila siku. Alimlisha, alimsuka, alimsimulia wateja gani wamekuja kudai magauni yao na uongo gani amewapa.

Jumatatu, siku moja kabla ya kikao, nilimkuta Fundi amegeukia dirishani.

"Dokta," aliniita. Wagonjwa walituita sote dokta, hadi mfagiaji. "Funga mlango. Nina neno."

Nikafunga.

"Kuna mkono wa mtu hapa."

Nani asiyejua maana ya maneno hayo? Mtu akifukuzwa kazi ghafla, duka likiungua, mwenye akili akifeli mtihani, tunasema kuna mkono wa mtu, na hakuna anayeinama kuutafuta huo mkono wenyewe. Nilivuta kiti. Nikashusha sauti.

"Wa nani, Fundi?"

"Wa mdogo wangu."

"Una uhakika?"

"Tumeshona pamoja miaka kumi na minane, nikose kuujua mkono wake?" Akafumba macho. "Umenilemea, dokta. Mwambieni auondoe. Ila msimgombeze, ana kazi nyingi."

Msimgombeze. Hata hilo niliandika. Nililichukulia kuwa ni moyo wa dada mkubwa anayemwonea huruma mtu anayemdhuru, na pembeni mwa ukurasa nikaongeza: uhusiano wenye maumivu. Nilitoka mle chumbani nikijiona hodari.

Mume hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karani wa ghala, mpole, shati limepigwa pasi hata siku alizoonekana hajalala. Tangu mwanzo alikuwa akituuliza swali moja: kwa nini yeye? Daktari alimjibu presha, akamwonyesha namba, na mume aliziangalia zile namba kama mtu aliyeletewa chenji pungufu. Sasa nilikuwa nimempa jibu lenye jina na sura, tena jibu linalokula mezani kwake.

Kabla ya saa sita alikuwa amemwambia Sista kwamba shemeji yake asikanyage tena wodini. Jumatano tukasikia kwamba amemtoa nyumbani pia, yeye na cherehani yake. Na Fundi akaanza kukataa chakula.

"Mdogo wangu yuko wapi?" alimuuliza Sista. "Mbona haji kuuchukua?"

Sista alidhani anauulizia mkoba wa nguo. Akamwambia atakuja tu.

Alhamisi asubuhi mume alileta karatasi. Kesho yake, saa sita mchana, anamchukua mkewe. "Nampeleka kwa watu wanaoelewa mambo haya," alisema. "Nyie mnamnyoosha vidole tu."

Daktari alimweleza mlangoni, kwa subira ambayo sikuwahi kuiona kwake. Hizi ndizo wiki ambazo ubongo unajifunza upya. Fundi hajaweza hata kukaa peke yake bila kuangukia kushoto. Akiondoka sasa mkono utakakamaa, na mkono uliokakamaa haushoni.

"Na mkono wa mtu," mume aliuliza, "mnautibu kwa dawa gani?"

Mume akanitazama mimi, bila chuki, akanipa mkono wa kunishukuru. Niliupokea.

Saa nne, saa ya chai, tulijikuta wote kwenye kijichumba cha chai. Kocha alikuwa ameweka begi lake kwenye kiti cha pekee kilichobaki, na hakuliondoa.

"Wiki tatu nimehangaika na ule mkono," alisema. "Wewe umeniharibia kwa sentensi moja."

"Mwache," alisema Sista.

"Simwachi. Nimeuliza mara ngapi hapa, huyu mama ana nini? Mkono hauna hisia, uchome sindano hajui. Lakini nikiuinua tu anapiga kelele wodi nzima inasikia. 'Usimuumize! Usimuumize!'"

"Usiuumize," alisema Mama Vijiko, macho kwenye kikombe. Alikuwa na ugonjwa wa kusahihisha watu. Hata matangazo ya ukutani aliyasahihisha kwa kalamu. "Ni mkono. Usiuumize."

"Ndivyo nilivyodhani mimi, ulimi umeteleza. Lakini ni kila siku. Usimuumize."

Nilishika kikombe, nikakirudisha mezani bila kunywa.

"Anakuambia usimuumize nani?" niliuliza.

Mama Vijiko aliinua macho. "Mimi nikimvalisha gauni anapitisha mkono wa kulia, basi. Nikimwambia tupitishe na wa pili, anacheka. 'Huo una mwenyewe,' ananiambia. Nikaona ni utani wao mafundi, mikono ya nguo."

"Chakula anakula nusu ya sahani," alisema Sista. "Nusu ya kulia. Nikiizungusha anashangaa nimepata wapi kingine."

"Mdogo wake alikuwa anakaa upande gani?"

"Kushoto, siku zote. Kiti si kiko huko?"

Nilifungua daftari. Umenilemea. Si amenilemea: umenilemea. Mwambieni auondoe. Msimgombeze, ana kazi nyingi. Yote yalikuwa pale, kwa mwandiko wangu mzuri. Chuoni, mwaka wa pili, tuliulizwa swali kuhusu wagonjwa ambao, ubongo ukiumia upande wa kulia, huukana mkono wao wa kushoto na kusema ni wa mtu mwingine, mara nyingi ndugu wa karibu. Nilijaza kurasa mbili na kupata alama zote. Lakini mgonjwa wa kitabuni alisema "huu si mkono wangu", maneno yaliyonyooka. Hakuna aliyenionya kwamba wa kwangu atatumia maneno ambayo nimeyasikia tangu utotoni, na kwamba nitayadaka kabla hajayamaliza.

"Kuna mkono kitandani," nilisema. "Hilo ndilo aliloniambia. Kitandani kuna mkono, na anaona ni wa mdogo wake."

Kocha aliliondoa begi lake kwenye kiti, akakikalia yeye.

Daktari alizitoa zile picha na kuziweka kwenye mwanga wa dirisha, akaweka kidole kwenye kivuli. "Nimeiangalia hii wiki tatu," alisema, "na sijamuuliza mwanamke huyu mkono wake ni wa nani. Nani anauliza swali kama hilo?" Kisha akanigeukia. "Mume hatatuamini, unajua? Hasa wewe. Ulishamwambia mara moja, akakuamini."

Ijumaa mume alifika saa tano, na binamu zake wawili na kiti cha magurudumu cha kuazima. Sista alikuwa amesimama mlangoni, na Sista akisimama mlangoni hapiti mtu.

"Dakika tano," nilimwambia mume.

"Ulishazipata zako Jumanne."

"Mimi sitafungua mdomo. Utamuuliza wewe. Ushike mkono wake wa kushoto, umuulize ni wa nani. Akijibu kwamba ni wake, mchukue, hata kiti nitakusukumia."

Nilikuwa nimecheza kamari na sikuwa na haki ya kucheza. Hali ile hupanda na kushuka. Leo mgonjwa anaukana mkono, kesho anakumbuka. Asubuhi hiyo Mama Vijiko alikuwa amemuuliza Fundi swali lile lile na Fundi akajibu, "Sijui, mama, niache nipumzike." Nikaegemea kabati la shuka.

Mume aliingia, akaushika ule mkono. Fundi akaangaza macho kulia, upande wa dirisha, akiitafuta sauti ya mumewe huko ambako hakuwako.

"Mama watoto. Huu mkono wa nani?"

"Upi?"

"Huu nilioushika." Akazunguka kitanda, akainama, akauvuta hadi mbele ya macho ya mkewe.

Fundi aliutazama. Mimi nikahesabu vigae vya ukutani.

"Si wa mdogo wangu huo," alisema.

Mume alinigeukia, na uso wake ulikuwa umeanza kukaza. Kumbe Fundi hakuwa amemaliza.

"Si ni wa mdogo wangu huo, mnaona kabisa! Au mnataka niwatajie mara ngapi?"

Mume aliinua kidole cha pete. "Angalia vizuri. Hii pete. Pete hii nilikuvisha mimi."

"Ameiazima," alisema Fundi, kwa upole, kama anamtuliza mteja. "Nitamwambia akurudishie. Ila mbona mmeukalia tu? Mpelekeeni mwenyewe. Ana kazi za watu pale, atashonaje kwa mkono mmoja?"

Binamu mmoja alicheka, akaacha. Mume hakuuachia ule mkono. Aliugeuza kiganja juu, akaupapasa ule ugumu wa kidole unaotokana na sindano, akauangalia mkono, akamwangalia mkewe, ambaye alikuwa amesharudi kutazama dirisha. Kisha akakaa kitandani kwa uzito wake wote.

"Cherehani yake niliiweka nje," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Imenyeshewa."

Binamu walikirudisha kiti kikiwa kitupu. Mume alimpigia simu shemeji yake mara sita akiwa kwenye korido, na mara zote sita haikupokelewa.

Jumamosi nilikwenda mwenyewe. Alikuwa amejihifadhi kwa rafiki yake, chumba kimoja chenye pazia katikati. Cherehani ilikuwa imefunguliwa juu ya gazeti, vipande vimepangwa kwa safu, naye alikuwa akivifuta kimoja kimoja kwa kitambaa chenye mafuta. Hakunikaribisha kukaa na sikustahili.

"Niliandika vibaya," nilisema.

"Uliandika alichosema. Nilikuwepo ukisoma."

"Alisema mkono. Mkono huu." Nilinyoosha wangu wa kushoto mbele yake, kama mjinga. "Anauona pale kitandani, anadhani ni wako. Anasema umeusahau. Hakukushtaki, dada. Alikuwa anakuombea usigombezwe."

Maji yalianza kuchemka upande wa pili wa pazia. Alikuwa ameshika skrubu ndogo kati ya vidole viwili.

"Siku nne," alisema. "Siku nne nakaa hapa najiuliza nilimkosea nini dada yangu. Na unajua? Nimeyapata. Nimeyapata mengi. Nguo niliyoiunguza nikasema ni yeye. Maneno niliyomwambia mama. Nimejihukumu mimi mwenyewe, kwa sababu wewe ulisoma karatasi."

Nilimwambia samahani. Neno lilikuwa dogo kuliko chumba, na chumba kilikuwa kidogo. Yeye akarudi kwenye kufuta vyuma, nami nikaondoka nikilia barabarani mchana kweupe, watu wananipisha.

Jumatatu alikuja. Hakumsalimia mume, hakunisalimia mimi. Daktari alikuwa ametuonya sote: msibishane naye, wala msimkubalie, mrudisheni taratibu kwenye ukweli. Tulisimama mlangoni tukiwa tumejipanga, kila mtu na ujuzi wake.

Fundi alisikia hatua, akamtafuta kulia, akamkosa. Mdogo wake alikwenda akakaa kushoto, kwenye kiti chake, akakishika kichwa cha dada yake na kukigeuza kidogo.

"Ulikuwa wapi?" alisema Fundi. "Umeusahau mkono wako hapa, wiki nzima."

Nilimwona akiutazama ule mkono juu ya shuka. Nilimwona akiyameza yote, cherehani, mvua, siku nne.

"Sikuusahau, dada," alisema. "Nimekuachia. Unitunzie."

Daktari alikohoa. Hakuna kitabu kinachoruhusu jibu lile. Lakini tangu siku hiyo Fundi aliutunza. Aliutafuta kwa mkono wa kulia kila alipoamka, aliupaka mafuta, aliuweka juu ya mto usining'inie, na Kocha alipokuja kuunyoosha alimsimamia kama mwenye mali. "Polepole. Wa mtu huo." Kichwa ambacho wiki tatu hakikugeuka kushoto kilianza kugeuka, kwa kuwa huko kulikuwa na amana. Kocha aliniambia, akiangalia filimbi yake, kwamba niandike hilo. Nikaandika, neno kwa neno.

Siku ya kumi na tisa, katikati ya mazoezi, Fundi alikunja uso.

"Hebu nikuneni hapa. Mkono wangu unaniwasha."

Mama Vijiko aliangusha trei. Kocha, kwa mara ya kwanza katika historia ya wodi ile, alipuliza filimbi, na Sista akaja mbio akidhani pameungua.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda karakanani kwao kushonewa koti jeupe la kazi. Fundi alikuwa kwenye cherehani. Mkono wa kushoto haukuwa na kasi tena, lakini uliweza kukandamiza kitambaa ili wa kulia ukiongoze. Mdogo wake ndiye aliyenipima. "Nyoosha mkono," alisema, akazungusha utepe, akaandika namba, na hakunitazama usoni hata mara moja.

Nilipolifuata koti lilikuwa limekunjwa mezani. Alinivalisha yeye, akalivuta mabega, akarudi nyuma hatua moja.

"Mkono mmoja ameshona dada, mmoja nimeshona mimi," alisema. "Tuone kama utajua upi wa nani."

Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita. Nimeligeuza koti lile ndani nje mara nyingi, nimefuata mishono yake kwa kidole karibu na dirisha, na mpaka leo sijajua. Kuuliza ninaogopa.